Haki ziliandikwa, mikono haikutenganishwa

Habari zenu jamani, wakubwa kwa wadogo, shikamooni mnaostahili. Naona wengine mmesimama huko nyuma, sogeeni, viti bado vipo huku mbele.

Nimepewa mada ndefu kweli, serikali ya kikatiba inagawaje madaraka na inalindaje haki za mtu mmoja mmoja, na kwa kawaida mtu akipewa mada ya hivi anachora ubaoni mihimili mitatu, Bunge, Serikali, Mahakama, anaeleza kila mmoja kazi yake, halafu anahamia kwenye orodha ya haki, haki ya kuishi, kusema, kuabudu, kumiliki mali, watu wanapiga makofi wanaondoka. Mi leo naanza na ile orodha ya haki manake ndo watu wanaipenda, na ndo hiyo hiyo inayotudanganya.

Tarehe 5 Desemba 1936 Umoja wa Kisovieti chini ya Stalin ulipitisha katiba mpya. Ukiisoma bila kujua ni ya nani unaweza kuomba uhamie huko. Ibara ya 125 inatoa uhuru wa kusema, wa magazeti, wa mikutano, mpaka maandamano barabarani yametajwa. Ibara ya 127 inasema hakuna mtu kukamatwa bila uamuzi wa mahakama au idhini ya mwendesha mashtaka. Ya 128, nyumba ya mtu na barua zake haziguswi. Na majaji je? Ibara ya 112, wako huru, wanatii sheria tu.

Haukupita hata mwaka, Julai 1937, ikatoka amri ya polisi wa siri iliyogawia kila mkoa idadi, yaani mkoa huu mtakamata watu kadhaa, kati yao kadhaa wapigwe risasi na kadhaa waende kambini, na hapo hao watu wenyewe hata hawajajulikana ni akina nani, namba imetangulia majina yatafuata. Waliopewa kazi ya kuhukumu ni kamati ya watu watatu iliyoitwa troika, mkuu wa polisi wa siri wa mkoa, katibu wa chama, na mwendesha mashtaka. Mshtakiwa hayupo chumbani, wakili hayupo, rufaa hamna. Kwa kumbukumbu za hao hao polisi, miaka ya 1937 na 1938 waliuawa watu zaidi ya 680,000.

Sasa hiyo troika msiipite haraka. Anayekukamata kakaa mezani. Anayekushtaki kakaa mezani. Mtu wa chama, ambacho ndo kinaamua sheria ya nchi iweje, naye kakaa mezani. Hao hao ndo majaji. Sisi tunasema kesi ya nyani hakimu ngedere, hapa mlalamikaji ngedere, shahidi ngedere, hakimu ngedere na karani anayeandika naye ngedere. Katiba yao haikukosa haki hata moja, haki zilikuwepo zimepigwa chapa safi kabisa, kilichokosekana ni mkono mwingine, mkono usio chini ya yule aliyekukamata, ambao unaweza kumwambia muachie huyo mtu na akamuachia kweli.

Hilo ndo nimekuja nalo leo. Kugawa madaraka na kulinda haki watu wanavifundisha kama sura mbili za kitabu, leo tunasoma hii kesho ile, wakati ni kitu kimoja. Haki yako inaishi pale tu ambapo waliokushika hawana neno la mwisho juu yako.

Haya twende upande wa pili wa hiyo hadithi, Uingereza, nchi ambayo mpaka leo haina katiba iliyoandikwa kwenye waraka mmoja. Novemba 1762 matarishi wanne wa mfalme waliingia nyumbani kwa mwandishi mmoja London anaitwa John Entick, alikuwa anahusishwa na gazeti lililokuwa linaisema vibaya serikali. Walikuwa na karatasi, hati iliyosainiwa na waziri mmoja mkubwa, Halifax, ya kumkamata Entick na kuchukua vitabu na makaratasi yake. Wakakaa mle ndani kwa muda wa saa nne. Wakavunja kufuli, wakafungua milango, masanduku, makabati, droo, wakasoma barua zake za binafsi, wakabeba walichotaka wakaondoka.

Entick hakwenda kumlilia mfalme, alienda kuwashtaki wale matarishi kwa kuingia kwake bila haki, kesi ya kawaida tu kama vile jirani kakuvunjia uzio. Baraza la wazee wa mahakama, raia wa kawaida, likampa fidia ya pauni 300, ikabaki hoja ya sheria kwa majaji. Serikali ilijitetea vipi? Ikasema hati kama hizi zimetolewa miaka mingi, hakuna aliyelalamika, na pia ni lazima kwa usalama wa nchi. Mnaijua hiyo lugha eh. Mwaka 1765 jaji mkuu wa mahakama ile, Lord Camden, akajibu kitu ambacho ukikielewa umeelewa nusu ya somo hili, alisema kama ni sheria itaonekana kwenye vitabu vyetu, kama haionekani humo basi sio sheria. Waziri kusaini hakuifanyi karatasi iwe sheria, manake waziri kazi yake sio kutunga sheria. Na hiyo hoja ya usalama wa nchi akasema sheria yao haiitambui.

Hesabu mikono iliyopo hapo. Waziri alitaka, lakini waziri hawezi kutunga sheria, hiyo ni ya Bunge. Bunge lilikuwa halijatunga. Raia wamekaa wamepima fidia. Jaji kaamua. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mambo yote mkononi, ndo maana mwandishi mmoja asiye na jeshi akaishinda ofisi ya waziri.

Mtu atasema, aah, huyo Camden alikuwa jasiri. Labda, ila ujasiri wa mtu mi siujengei nyumba. Miaka 150 nyuma yake kulikuwa na jaji mwingine, Edward Coke, ambaye mwaka 1607 Mfalme James wa Kwanza alisema anataka kuamua kesi mwenyewe manake akili anayo kama majaji walivyo nayo. Coke akamwambia kwa adabu zote kwamba Mungu amekujalia akili nyingi mtukufu, lakini kesi zinaamuliwa kwa ujuzi wa sheria ambao mtu anausomea muda mrefu, na mfalme yuko chini ya Mungu na sheria. Jasiri eh? Mwaka 1616 akafukuzwa kazi. Ndo tofauti ilipo. Kati ya Coke na Camden kuna sheria ya mwaka 1701 iliyosema jaji atakaa kazini maadam ana mwenendo mwema, na kumtoa mpaka mabunge yote mawili yaombe. Camden alienda kulala usiku ule akijua kesho asubuhi ofisi yake ipo. Kwa hiyo kwenye katiba yoyote mi kabla sijasoma sura ya haki naenda kwanza kutafuta nani anamteua jaji, nani anamtoa, na mshahara wake unaweza kupunguzwa na nani. Hizo ibara zinachosha, hazina maneno matamu, hakuna anayezichapisha kwenye fulana. Ila zikiwa mbovu basi ile sura ya haki isome kama shairi tu.

Sasa kuna kundi la watu wazuri, nawapenda kabisa, wanasema tatizo ni viongozi wabaya, tukipata kiongozi mwema mambo ya kumbana bana ya nini, si anatucheleweshea maendeleo. Nawapeleka Afrika Kusini 1995. Rais ni Mandela. Sijui kama karne ile ilikuwa na kiongozi aliyeaminiwa kuliko yeye. Nchi inaelekea uchaguzi wa kwanza wa serikali za mitaa wa kidemokrasia, muda ni mfupi, Bunge likampa Rais uwezo wa kuibadilisha sheria ya uchaguzi huo kwa tangazo tu, bila kurudi bungeni. Akautumia, akahamisha baadhi ya mamlaka kutoka mkoani kwenda serikali kuu. Mkoa wa Western Cape, uliokuwa mikononi mwa chama cha wale wale waliomfunga miaka 27, ukaenda mahakamani.

Rais wa Mahakama ya Katiba alikuwa Arthur Chaskalson. Huyu alikuwa mmoja wa mawakili waliomtetea Mandela kwenye kesi ya Rivonia, ile iliyompa kifungo cha maisha, halafu Mandela huyo huyo ndo kamteua. Kwa mtu wa kawaida hapo dili limeisha. Septemba 1995 mahakama ikatengua, ikasema Bunge linaweza kumpa Rais kazi ya kutunga kanuni ndogo ndogo lakini haliwezi kumkabidhi uwezo wa kubadili sheria yenyewe, hata kama Bunge limependa, hata kama sababu ni nzuri. Mandela akajitokeza hadharani akasema anaukubali uamuzi, Bunge likarudi kazini likarekebisha.

Ona walichokikataa pale, Bunge lilitoa madaraka yake kwa hiari. Hakuna aliyeibiwa. Watu wengi hudhani mgawanyo wa madaraka unavunjwa na Rais anayepora, kumbe mara nyingi unavunjwa na Bunge linalogawa, tena kwa makofi, "kwa kuwa tuna imani na mheshimiwa". Yale madaraka sio mali ya wabunge, wameshikizwa tu, mtu hagawi alichoshikizwa. Na uwezo ukishapewa Mandela unabaki ofisini, Mandela akiondoka ndani ya ofisi ile anaingia mwingine.

(Hapa mama mmoja mbele anatikisa kichwa, nafikiri kuna kitu kinamkera, nitamfikia kwenye maswali.)

Haya, hoja ngumu zaidi. Majaji hawachaguliwi na wananchi. Mbunge ana kura elfu na elfu, jaji kateuliwa, kwanini huyu aifute kazi ya yule? Hiyo ni hoja ya maana na wanaoipuuza siwaelewi. Mwaka huo huo 1995, Juni, mahakama ile ile ya Afrika Kusini ilifuta adhabu ya kifo, na majaji walikiri waziwazi kwamba huenda wananchi wengi wanaitaka ibaki. Jibu lao lilikuwa kwamba kama maoni ya wengi yangekuwa ndo kipimo basi hamna haja ya kuwa na mahakama ya katiba, Bunge lingetosha kwa sababu Bunge ndo sauti ya wengi. Haki ziliwekwa juu ya kura kwa ajili ya wale ambao hawawezi kushinda kura, wachache, wanaochukiwa, mfungwa, yule ambaye hata wewe hapo hutaki kukaa naye kiti kimoja. Mtu anayependwa na wote haki zake zinalindwa na kupendwa kwake. Unaweza usikubaliane nao kuhusu adhabu ya kifo, mimi mwenyewe nina ndugu zangu hawakubali kabisa, lakini ile sababu waliyotoa jaribu kuipangua uone.

Na isitoshe wingi wa kura unaweza kutengenezwa. Tuko hapo hapo Afrika Kusini ila turudi nyuma, 1951. Serikali ya ubaguzi inataka kuwatoa kwenye daftari la pamoja wapiga kura wa Cape iliowaweka kwenye kundi la makaladi, yaani watu wa asili mchanganyiko. Katiba ya wakati ule ilidai theluthi mbili ya mabunge mawili yakiketi pamoja, wao wakapitisha kwa wingi wa kawaida. Mahakama ya rufani ikafuta mwaka 1952. Serikali ikasema sawa, ikaunda mahakama mpya iitwayo Mahakama Kuu ya Bunge, na majaji wake ni nani, wabunge! Wabunge wakaketi wakajipa ushindi. Mahakama ya rufani ikaifuta na hiyo pia, ikasema hii sio mahakama, hili ni Bunge limevaa joho. Basi 1955 wakaja na njia ya taratibu, Seneti ikatolewa maseneta 48 ikapelekwa 89, walio wengi sana wa upande wao, mahakama ya rufani nayo idadi ya majaji wa kuamua mambo hayo ikapandishwa mpaka 11, na 1956 theluthi mbili ikapatikana vizuri tu, kila kitu kwa karatasi na muhuri. Ilipofika mahakamani safari hii majaji kumi wakasema sawa, mmoja tu akakataa.

Nimeirudia hii kwa kirefu manake ndo staili ya siku hizi duniani. Zamani tulizoea redio inakatwa asubuhi unapigwa muziki wa jeshi, unajua kuna kitu. Siku hizi hakuna kifaru barabarani. Kinachofanyika ni idadi ya majaji inaongezwa, umri wa kustaafu unashushwa ili wazee fulani watoke, tume inabadilishiwa wajumbe, na kila hatua ukiihoji unaonyeshwa ibara. Sasa kama unasubiri kifaru ndo ushtuke utasubiri sana.

Mahakama nazo sio malaika, nisiwadanganye. Juni 1975 India ilitangaza hali ya hatari chini ya Waziri Mkuu Indira Gandhi, wapinzani wakakamatwa kwa maelfu bila kesi. Mahakama kuu kadhaa za majimbo zikasema hata kwenye hali ya hatari mtu ana haki ya kuuliza mahakamani kwanini nimeshikwa. Serikali ikakata rufaa Mahakama ya Juu ya India. Na wakati wa kusikiliza, jaji mmoja, H.R. Khanna, akamuuliza mwanasheria mkuu wa serikali, je polisi akimuua mtu kwa chuki zake binafsi bado mahakama haina la kufanya? Jibu likawa, kwa hoja yetu, ndio, maadam hali ya hatari ipo. Kimya. Aprili 1976 majaji wanne kati ya watano wakakubaliana na serikali. Khanna peke yake akakataa, na Januari 1977 zamu yake ya kuwa Jaji Mkuu kwa ukubwa kazini ilipofika akarukwa, akachukuliwa aliye chini yake, Khanna akajiuzulu.

Unaweza kusema basi huo mgawanyo ulikuwa na faida gani. Faida yake ni kwamba makosa yaliandikwa na sababu zake, na kupinga kwa yule mmoja kukaandikwa pembeni yake, kwenye kitabu kile kile. Mwaka 2017 mahakama hiyo ikiwa na majaji tisa ilisema uamuzi wa 1976 ulikuwa mbovu kabisa na ikaufuta. Aliyeandika maneno hayo ni Jaji D.Y. Chandrachud. Mmoja wa wale wanne wa 1976 alikuwa Y.V. Chandrachud, baba yake mzazi. Miaka 41 imepita, na waliokaa ndani wakati ule hawakurudishiwa hata siku moja, hilo nalo tuliseme.

Mahakama hiyo hiyo baada ya aibu ile ilifanya kitu ambacho mi nakipenda kuliko hukumu nyingi nzito. Mfungwa mmoja wa gereza la Tihar, Delhi, alimwandikia jaji barua akieleza kwamba mwenzake ameteswa vibaya na mlinzi wa gereza. Barua tu, sio fomu, hamna wakili, hamna ada, tena analalamikia mateso ya mtu mwingine. Wakaipokea kama kesi, wakamtuma wakili aende gerezani akaone, na kwa hukumu yao wakaweka masharti juu ya gereza. Pale ndo orodha ya haki inaposhuka kutoka kwenye karatasi.

Kwa sababu mlango wa mahakama nao unaweza kufungwa kistaarabu, bila kufuta haki yoyote, unaweka bei tu. Tanzania mwaka 2001 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikadai kwamba anayepinga matokeo ya ubunge aweke kwanza shilingi milioni 5 mahakamani kama dhamana ya gharama, ndipo asikilizwe. Haki ya kupinga ilikuwepo, ibara ipo, mahakama ipo, jaji yupo kakaa, ila milioni 5 ya wakati ule wangapi walikuwa nayo? Februari 2002 Mahakama ya Rufani ikasema sharti lile linakwenda kinyume na Katiba, linawabagua wasionacho, ikalifuta. Kenya wao 2010 waliliandika kabisa kwenye Katiba yao ibara ya 22, kufungua kesi ya haki za msingi hakuna ada, na sio lazima uwe umeumizwa wewe, unaweza kwenda kwa niaba ya asiyeweza kwenda.

Kwa hiyo mkiletewa rasimu ya katiba siku moja, na watu wakaanza kuisifia sura ya haki, ninyi fungueni kurasa za nyuma huko kwenye mambo makavu. Nani anamtoa jaji. Idadi ya majaji imetajwa au imeachwa wazi. Hali ya hatari inatangazwa na nani, inakaa siku ngapi, nani anaifuta, na mtu akishikwa ndani ya siku hizo anamlilia nani. Saa ngapi mpaka afikishwe mahakamani. Bunge linaruhusiwa kumkabidhi mtu kazi yake au hapana. Na kufungua kesi ni bei gani.

Mi nimemaliza, maiki ipo kwa yule kijana wa shati jeupe. Tuanze na yule mama aliyekuwa anatikisa kichwa.